Maneno ya Bima ya Afya na Nani Abebaye Gharama

Mtu akikabidhiwa kadi ya bima ya afya hukabidhiwa pamoja nayo msamiati ambao aghalabu hakuuomba wala hakuelezwa: mchango, mtegemezi, kitita cha mafao, ukomo, kipindi cha kungoja, rufaa, idhini, madai. Maneno hayo huchapishwa kwa herufi ndogo, husomwa na wachache na hufahamika kwa wachache zaidi, na maana yake hudhihirika pale mgonjwa amekwisha kulazwa na jamaa zake wamesimama mbele ya dirisha la keshia, wakati ambapo elimu haiwezi tena kumnusuru mtu na gharama. Nia ya uchambuzi huu ni kuyafasili maneno hayo kwa utulivu, tukiyatazama kama sehemu za swali moja ambalo ndilo kiini cha bima yoyote duniani: maradhi yakiingia, ni nani atakayebeba gharama, kwa kiasi gani, na mpaka wapi. Kila istilahi ya bima ni mpaka uliochorwa katika mzigo huo. Mpaka ukisogezwa, fedha huhama kutoka mfuko wa huyu kwenda mfuko wa yule.

Ugeni wa istilahi hizi kwa wengi wetu una sababu yake katika historia. Tanzania Bara, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilishika njia ya kutoa matibabu bila malipo katika hospitali za serikali, na mwaka 1977 utabibu wa binafsi wa kutafuta faida ukapigwa marufuku, mpaka uliporuhusiwa tena mwaka 1991. Kizazi kizima kilikua kikijua kwamba mgonjwa huenda hospitali kama mtoto aendavyo shule, bila kuulizwa mfuko wake una nini. Ulipofika mwaka 1993, hazina ikiwa imeelemewa na dawa zikiwa adimu, ukaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Mwaka 1996 ukajaribiwa katika wilaya ya Igunga Mfuko wa Afya ya Jamii. Na mwaka 1999 ikatungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao ulianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Kenya ilikuwa imetangulia mbali, kwa maana mfuko wake wa taifa wa bima ya hospitali uliundwa mwaka 1966, nao ukadumu hadi tarehe 1 Oktoba 2024, ulipopokewa kazi na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile ambayo wananchi huiita SHA. Na Novemba 2023 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ambayo kusudi lake ni kila mkazi awe ndani ya bima. Hivyo jambo lililokuwa hiari ya wachache wenye mishahara linageuka kuwa wajibu wa watu wote, pamoja na mkulima wa Sumbawanga na mchuuzi wa samaki wa Kilwa. Na si insafu kumwajibisha mtu kwa mkataba ambao maneno yake hayajui.

Kosa la kwanza, ambalo ni mama wa makosa mengine, ni kuidhania bima kuwa ni akiba. Mtu hulipa mwaka mzima, Mola akamjaalia siha njema, kisha mwisho wa mwaka hulalamika kwamba fedha zake zimekwenda bure, kana kwamba aliziweka benki na benki ikamdhulumu. Mchango wa bima hauwekwi mahali ukamngoja mwenyewe. Hutumika tangu siku ulipolipwa, nao hutumika kwa mtu mwingine aliyekuwa kitandani wakati mlipaji akiwa mzima. Alichokinunua mlipaji ni dhamana, yaani ahadi ya kwamba lau zamu ya maradhi ingemfikia yeye, kundi zima lingesimama upande wake. Na dhamana hiyo alikuwa nayo kila siku ya mwaka ule, hata kama hakupata kuidai.

Tuchukue mfano wa kukisia ili jambo liwe bayana. Watu 1,000 wa mtaa mmoja wanajua kwa uzoefu kwamba kila mwaka watu 20 miongoni mwao hulazwa hospitali, na kila mmoja hugharimu shilingi 600,000. Hakuna ajuaye ni nani watakaougua, lakini jumla inajulikana: ni shilingi milioni 12. Wakizigawana wote kwa usawa, kila mmoja atatoa shilingi 12,000, na tukiongeza ujira wa wanaotunza daftari na kulipa madai, labda 14,000. Msiba wa shilingi 600,000, ambao ungemlazimisha baba wa nyumba kuuza shamba la mikarafuu au ng'ombe wake wa maziwa, umegeuzwa kuwa ada ndogo ambayo mtu anaweza kuipangia mapema. Hiyo ndiyo tadbiri yote ya bima: kutoa hasara ndogo inayojulikana badala ya kungoja hasara kubwa isiyojulikana. Ada hiyo ndiyo iitwayo mchango katika mifuko ya umma, na katika kampuni za biashara huitwa ada ya bima. Na ile idadi ya watu 1,000 waliokubali kubebana ndiyo mtaji wa kweli wa bima, kuliko jengo na kuliko jina.

Namna ya kuukadiria mchango ni jambo ambalo ndani yake siasa ya nchi nzima huonekana. Kampuni ya biashara hukadiria kwa hatari: mzee hulipa zaidi ya kijana, kwa kuwa mzee huugua zaidi. Mfuko wa jamii hukadiria kwa kipato: mwenye kingi hutoa kingi, mwenye kidogo hutoa kidogo, na wote hutibiwa kwa kitita kimoja. Fikra hii ya pili si ya jana. Ujerumani, chini ya kansela wake Bismarck, ilitunga sheria yake ya bima ya maradhi mwaka 1883, ambapo mfanyakazi alitoa theluthi mbili za mchango na mwajiri wake theluthi moja. Katika Mfuko wa Taifa wa Tanzania mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3, zikawa 6. Kenya, chini ya utaratibu wa sasa, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, bila mwajiri kuongeza kitu, na asiye na mshahara hukadiriwa kwa kipato cha nyumba yake, pasipo kupungua shilingi 300 kwa mwezi. Tofauti na zamani ni kubwa: chini ya mfuko uliopita mchango wa juu kabisa ulikuwa shilingi 1,700 kwa mwezi, awe mtu anapokea laki moja au anapokea laki tano. Leo wa laki moja hutoa shilingi 2,750, na wa laki tano hutoa 13,750. Waliopandishiwa mchango wamelalamika, na malalamiko yao juu ya ubora wa huduma yana haki ya kusikilizwa. Lakini juu ya msingi wenyewe sina shaka. Mfuko ambao tajiri na karani hutoa sawa humkamua karani ili kumpunguzia tajiri, na huko si kushirikiana mzigo.

Sasa turejee kwenye mtaa wetu wa watu 1,000, kwa sababu hesabu ile ile iliyotuonyesha nguvu ya bima hutuonyesha udhaifu wake. Tuseme kujiunga ni hiari, na vijana 500 wenye afya wakajitoa wakisema hawaugui. Wagonjwa 20 hawakujitoa. Hao ndio wa mwisho kujitoa. Milioni 12 ile ile sasa hugawanywa kwa watu 500, na ada hupanda kutoka 12,000 hadi 24,000. Kwa ada hiyo wengine wenye afya huona bora wakae nje, ada hupanda tena, nao wanaobaki ni wale ambao maradhi yamewazuia kuondoka, mpaka mfuko unavunjika. Wachumi wamelichunguza jambo hili kwa vitabu vingi, lakini wazazi wa Tanzania wamelishuhudia bila vitabu. Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambayo kwa shilingi 50,400 kwa mwaka ilimpatia mtoto matibabu, ilikuwa neema iliyopendwa mno. Hata hivyo Mfuko ulieleza kwamba wengi walioandikishwa waliletwa wakiwa tayari na maradhi, matumizi yakaipita michango kwa mbali, na Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, wazazi wakaelekezwa kuwaandikisha watoto kupitia shule, ambako wazima na wagonjwa huingia pamoja. Sioni haki ya kumlaumu mzazi aliyekimbilia kadi baada ya mwanawe kugundulika na ugonjwa wa moyo au selimundu, kwa kuwa mzazi gani angefanya vinginevyo? Kasoro ilikuwa katika mpango uliomruhusu kila mtu kungoja mpaka augue.

Ndiyo maana bima za hiari huweka ngome, nazo zina majina ambayo mwanachama hana budi kuyajua. Ya kwanza ni kipindi cha kungoja, yaani muda baina ya kulipa mchango wa kwanza na kuruhusiwa kudai. Kwa maradhi ya kawaida muda huo huwa mfupi, lakini kwa uzazi aghalabu hukaribia mwaka mmoja, kwa sababu iliyo dhahiri: mimba ni miezi tisa, na kampuni haitaki kuuza dhamana kwa jambo lililokwisha kuwa hakika. Ngome ya pili ni kifungu cha maradhi yaliyokuwepo kabla. Mwombaji huulizwa katika fomu kama ana kisukari, shinikizo la damu, pumu au saratani. Akiwa nayo, kampuni yaweza kumkataa, kumpandishia ada, au kumpokea kwa sharti kwamba ugonjwa ule hautalipiwa. Hapa natoa hadhari kwa moyo wote. Wako mawakala ambao kwa tamaa ya kamisheni humshauri mtu aandike kwamba ni mzima, wakimwambia hakuna atakayejua. Watajua, kwa maana siku madai yatakapofika, kampuni itaomba majalada ya hospitali, na ikikuta dawa za kisukari zilizoandikwa miaka miwili kabla ya mkataba, ina haki kisheria ya kuutangua mkataba mzima. Nayo hasara itamwangukia mgonjwa, ilhali wakala amekwisha kula ujira wake. Marekani iliifuta ngome hii kwa sheria ya mwaka 2010, ambayo tangu 2014 imezikataza kampuni kumkataa mtu au kumpandishia ada kwa ajili ya maradhi aliyokuwa nayo. Lakini ngome hizi haziwezi kufutwa peke yake pasipo kuwavuta wazima waingie. Na katika hili ulazima wa sheria mpya ya Tanzania una hoja yenye nguvu, hata kwa mtu asiyependa kulazimishwa.

Juu ya watu wenyewe, maneno ni machache. Mwanachama ni yule ambaye mchango umeandikwa kwa jina lake. Mtegemezi ni yule anayetibiwa kwa mgongo wa mwanachama. Katika Mfuko wa Taifa wa Tanzania mtumishi huandikisha mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne. Familia ya kadi ni ndogo kuliko familia ya kweli ya Mswahili, ambaye nyumbani kwake mna shangazi mjane na mtoto wa dada aliyekuja kusoma. Na wengi hugundua mpaka huo wakati wa dharura, wakashawishika kumpeleka mmoja kwa kadi ya mwingine. Kufanya hivyo ni udanganyifu, na zaidi ya kosa la sheria kuna hatari kwa mwili: kundi la damu, mzio wa dawa na maradhi ya mtu mmoja huandikwa katika jalada la mtu mwingine.

Kitita cha mafao ndicho moyo wa mkataba. Ni orodha ya huduma ambazo mfuko umeahidi kuzilipia: kumwona daktari, vipimo, dawa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, kulazwa, upasuaji, uzazi, meno, macho, na kadhalika. Kilicho nje ya orodha hakilipwi, hata kama daktari amekiandika kwa wino na kukigonga muhuri. Mbali na ukimya wa orodha kuna vighairi, yaani mambo yaliyotajwa waziwazi kwamba hayamo, kama vile upasuaji wa kujirembesha. Navyo husomwa kwanza, kabla ya mafao, na msomaji mwenye busara. Kisha huja ukomo. Bima nyingi za biashara huweka kiwango cha juu ambacho kampuni italipa katika mwaka, mara nyingi ukomo mmoja kwa matibabu ya kulazwa na mwingine mdogo zaidi kwa wagonjwa wa nje, na ni lazima kuuliza kama ukomo huo ni wa kila mtu au ni wa familia nzima. Familia ya watu watano yenye ukomo mmoja wa pamoja yaweza kuumaliza kwa ajali ya mtu mmoja mwezi wa pili, na miezi kumi iliyobaki wote wakawa na kadi isiyo na kitu ndani yake.

Ukomo huweza pia kufichama katika bei ya huduma moja. Utaratibu wa SHA nchini Kenya umeweka malipo ya shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa uzazi wa upasuaji. Mama akienda hospitali ya binafsi inayotoza zaidi, bima hulipa kiwango chake na ziada humrudia yeye na mumewe. Mwenye kusikia kwamba uzazi unalipiwa akadhani unalipiwa wote, amesikia nusu ya habari. Swali la kumwuliza mhudumu wa mapokezi, kabla ya kulazwa na mbele ya shahidi, ni hili: ninyi mnatoza kiasi gani, na bima yangu inawalipa kiasi gani?

Hapa tunafikia istilahi zilizo ngumu kuliko zote, nazo ni zile za kushiriki gharama, ambazo kwa wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani, wakiwamo maelfu waliopokewa huko kama wakimbizi kutoka Kongo, si jambo la kinadharia. Huko mkataba wa kawaida una tabaka nne. Iko ada ya kila mwezi, inayolipwa mtu akiugua asiugue. Kiko kizingiti cha mwaka, yaani kiasi ambacho mgonjwa hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipia sehemu kubwa ya huduma. Iko sehemu ya gharama ambayo, baada ya kizingiti kuvukwa, mgonjwa huendelea kuibeba kwa asilimia, na mahali pengine huwa ni kiasi maalumu kwa kila ziara kwa daktari. Na iko dari, yaani jumla ya juu kabisa atakayoitoa mgonjwa katika mwaka kwa huduma zilizomo ndani ya mkataba. Akiifikia, kampuni hulipa zote zilizobaki. Tufanye hesabu. Kizingiti ni dola 2,000, sehemu ya mgonjwa ni asilimia 20, na dari ni dola 5,000. Ikija hati ya dola 10,000, mgonjwa hulipa kwanza 2,000, kisha asilimia 20 ya 8,000 zilizobaki, ambazo ni 1,600. Jumla yake ni 3,600. Ikija hati ya dola 30,000, hesabu ingempa 2,000 na 5,600, jumla 7,600, lakini dari humzuilia kwenye 5,000. Ada ya kila mwezi haimo katika hesabu hiyo. Na hapa ndipo mtego ulipo: mkataba wenye ada ndogo aghalabu una kizingiti kikubwa, na mtu aliyeuchagua kwa unafuu wa mwezi hujikuta kwamba kwa maradhi madogo madogo yote ya mwaka hakuna hata mara moja kampuni ilipotoa fedha.

Kwa nini bima, ambayo kazi yake ni kumwondolea mtu gharama, imwachie sehemu ya gharama hiyo kwa makusudi? Jibu la wenye kampuni ni kwamba mtu asiyeguswa na bei huzidisha matumizi. Mwanauchumi Kenneth Arrow aliliandika jambo hili katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1963 juu ya uchumi wa tiba, na kuanzia miaka ya 1970 taasisi ya RAND ya Marekani ililitia katika majaribio, ikizigawia familia mikataba tofauti kwa bahati nasibu. Matokeo yalikuwa na pande mbili, na wengi hutaja upande mmoja tu. Waliochangia gharama walitumia huduma chache zaidi, na kwa wengi wao afya haikuharibika. Lakini walipunguza matibabu ya lazima kama walivyopunguza yasiyo ya lazima, kwa kuwa mgonjwa si tabibu na hawezi kujua lipi ni lipi, na maskini wenye shinikizo la damu ndio walioathirika. Kwa maoni yangu funzo lake kwa Afrika ya Mashariki ni wazi. Mchango mdogo wa mgonjwa mlangoni waweza kuwa na hoja kwa dawa ghali yenye mbadala wa bei nafuu; lakini kuuweka juu ya kliniki ya wajawazito, chanjo, vidonge vya presha au sindano ya insulini ni kununua gharama kubwa ya kesho kwa senti za leo. Kwetu hatari kubwa bado ni mgonjwa anayechelewa kufika. Yule anayefika mara nyingi mno ni wa nadra.

Yapo maneno ya njiani, ambayo huamua mtu atatibiwa wapi na kwa ruhusa ya nani, nayo yanafahamika upesi. Mtandao wa watoa huduma ni orodha ya hospitali, zahanati, maabara na maduka ya dawa yaliyofunga mkataba na bima. Nje yake kadi ni kipande cha plastiki, isipokuwa katika dharura, na hata dharura lazima iarifiwe upesi. Rufaa ni ngazi: nchini Tanzania mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, akapandishwa hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, mpaka hospitali ya taifa ya Muhimbili, na anayeruka ngazi bila barua huweza kukataliwa malipo. Idhini ya awali ni ruhusa ambayo hospitali huiomba kwa bima kabla ya huduma ghali, kama vile upasuaji mkubwa au kipimo cha emarai (MRI). Mgonjwa na aombe namba yake kwa maandishi. Madai ni hati ambayo hospitali, au mgonjwa aliyetanguliza fedha zake, huipeleka kwa bima ili ilipwe, nayo ina muda wake. Risiti iliyolala katika mtoto wa meza ikachacha haidai kitu.

Nyuma ya madai kuna jambo ambalo mwanachama halioni lakini humfika. Mfuko waweza kumlipa mtoa huduma kwa kila huduma aliyoitoa, ambapo hospitali huvutwa kuzidisha vipimo. Au waweza kumlipa kwa idadi ya watu walioandikishwa kwake, wawe wameugua au hawakuugua, ambapo huvutwa kupunguza hata kilicho cha lazima. Kila njia ina kishawishi chake, na bei katika orodha ya malipo ni ugomvi wa kudumu. Mapema Machi 2024 baadhi ya hospitali za binafsi nchini Tanzania zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa kwa kutoridhika na bei za kitita kipya, na wagonjwa ambao hawakudaiwa mchango wowote wakajikuta wakilipa taslimu au kugeuzwa njia. Mkataba wa mwanachama na mfuko ulikuwa hai, lakini mkataba wa mfuko na hospitali ulikuwa umeyumba. Na mwanachama ana haki ya kuijua mikataba yote miwili.

Katika pwani yetu huulizwa pia kama bima yenyewe yafaa kwa Mwislamu, na swali hilo linastahili jibu la heshima. Wanazuoni wengi wameikosoa bima ya biashara kwa sababu ya gharari, yaani mauziano yenye utata juu ya kitu kisichojulikana, na kwa sababu fedha zake huwekezwa katika riba. Baraza la Kimataifa la Fikihi la Jeddah, katika azimio lake la mwaka 1985, liliikataa bima ya biashara ya ada maalumu na kuikubali ile ya ushirika iliyosimama juu ya tabaruu, yaani kutoa kwa hiari, na kusaidiana. Katika takafuli, yaani bima hiyo ya ushirika, mwanachama hutoa mchango kama hiba kwa ajili ya wenzake, msimamizi hupokea ujira unaojulikana, na ziada ikibaki ni ya wanachama wenyewe. Ukiipima kwa mizani ya hesabu ya mtaa wetu wa watu 1,000, utaona kwamba mfuko wa jamii usiotafuta faida unakaribiana sana na fikra hiyo. Swali linalobaki ni wapi fedha zake zimewekezwa, na hilo wasimamizi wanaweza kulijibu hadharani.

Mifuko ya umma na kampuni, pamoja na wasimamizi wake wa serikali, inadaiwa jambo moja lililo rahisi na la gharama ndogo: mkataba wote, pamoja na vighairi, ukomo na bei za kila huduma, uandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, ubandikwe katika kila zahanati na ofisi ya kata, na usomwe kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma. Sheria iliyomlazimisha mkulima kulipa imejilazimisha yenyewe kumweleza. Nawe msomaji, kabla hujatia sahihi wala kidole gumba, omba kitita kizima kwa maandishi, soma vighairi kwanza, uliza ukomo ni wa nani na wa muda gani, uliza hospitali iliyo karibu nawe imo katika mtandao au haimo, ukweli wa maradhi yako uandike kama ulivyo, na mchango wako ulipe ungali mzima.